Utoro wa Leonia katika Rejista Yangu

Nilikuwa nimefika sifuri ya sitini na moja mlango ulipogongwa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, sikuitika. Anayekatizwa katikati ya hesabu huanza upya, nami nilikuwa nimekwisha kuanza upya mara mbili mchana ule: mara ya kwanza kwa sababu ya nzi, mara ya pili kwa sababu nilijipongeza moyoni jinsi nilivyokuwa makini, nikasahau nilipofika.

Nahesabu hivi. Mkono wa kushoto naweka kopo la maziwa lenye kokwa za chikichi, mkono wa kulia kopo tupu. Kila nikiona sifuri kwenye rejista ya mahudhurio, nahamisha kokwa moja. Mwisho nahesabu kokwa. Hakuna aliyenifundisha. Niliibuni njia hii mwenyewe, kama nilivyojifunza mwenyewe kupiga taipu na kupanga majalada, na kwa miaka mingi niliamini kwamba jambo ambalo mtu amejifundisha mwenyewe haliwezi kuwa na kosa. Kosa lingetoka wapi, wakati mwalimu na mwanafunzi ni mtu yule yule na wanaelewana vizuri?

"Hodi, mwalimu."

"Sitini na nane," nilijibu.

"Nirudi baadaye?"

"Simama hapo hapo. Sitini na tisa."

Aliyesimama pale alikuwa Leonia, msichana wa kidato cha nne, na sifuri zile zilikuwa zake.

Kwanza niseme kwamba mimi si mwalimu. Ni karani wa shule, Mudathir wa Ujiji, mwenye cheti cha darasa la saba na viatu vya kung'aa. Lakini tangu wakimbizi walipoanza kuvuka ziwa kwa wingi na mashirika ya misaada yakaja na magari yao, walimu wetu waliondoka mmoja mmoja kwenda kufanya kazi kambini. Sikuwalaumu. Mkuu wa shule akanikabidhi rejista za kidato cha tatu na cha nne nizishike kwa wiki mbili. Ule ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nne. Sasa tulikuwa Agosti ya tisini na saba na wiki mbili hazijaisha. Wanafunzi walipoanza kuniita mwalimu niliwasahihisha siku ya kwanza, kwa sauti ya chini sana ili wasisikie.

Leonia alikuwa anaomba chuo cha uuguzi. Fomu ilikuwa mezani kwangu, imejazwa yote kwa mwandiko wake wa kulala, isipokuwa swali la nane, ambalo hujazwa na shule: siku ambazo mwombaji hakuhudhuria masomo bila ruhusa, kidato cha tatu na cha nne, kama zilivyo katika rejista. Chini yake kwa herufi ndogo: mwombaji aliyezidisha siku arobaini hatafikiriwa. Mfuko wa posta ulikuwa unaondoka kesho yake saa sita mchana, na baba yake, mkulima wa mihogo kule Kidahwe, alikwisha kusema kwamba chuo kikishindikana mwaka huu, Leonia atarudi shambani, maana nyuma yake kuna wanne wanaongoja ada.

Haya yote niliyajua. Na bado nilihesabu nikiwa nimetulia kama mtu anayechambua mchele.

"Tisini na nne," nilisema hatimaye, nikavua miwani. Ninayo sauti niliyoiandaa kwa habari za namna hii, sauti ya msibani. "Tisini na nne, binti yangu."

"Tisini na nne za nini, mwalimu?"

"Siku. Za utoro."

Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta leso. Badala yake akasogea mezani, akainama juu ya rejista.

"Novemba ya mwaka jana umeniandikia ngapi?"

Nilifunua. Kila mwisho wa mwezi najumlisha chini ya ukurasa kwa wino mwekundu, na kupiga mistari miwili kwa rula. "Ishirini na sita."

"Na Novemba shule ilifunguliwa siku ngapi?"

Hilo nalo lipo, juu ya ukurasa, wino ule ule, mkono ule ule. Nililisoma mara mbili kabla ya kulitamka.

"Ishirini."

Nje, kikundi cha zamu kilikuwa kinafagia. Niliwasikia wanafagia muda mrefu sana.

"Yoo!" akasema Leonia. "Basi nilitoroka mpaka siku ambazo Mungu hajaziumba."

Nilitafuta maelezo ambayo ndani yake mimi sina kosa. Nilipata moja: kwamba huyu msichana alikuwa mtoro wa kipekee, mwenye kipaji. Nilipotaka kulisema nikaona halifai.

"Mwalimu, jina langu unaliita mara ngapi kwa siku?"

"Mara mbili. Asubuhi, na baada ya chakula cha mchana. Ndivyo rejista ilivyochorwa."

"Na nisipokuwepo kutwa nzima?"

"Naweka sifuri ya asubuhi, halafu naweka sifuri ya…"

Sikumalizia. Alinihurumia, akageukia dirishani akijifanya anatazama wanaofagia, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kila sifuri nilihamisha kokwa moja. Kila siku ilikuwa na sifuri mbili. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikizidisha utoro wa watoto wa watu mara mbili, kwa uangalifu mkubwa, nikirudia hesabu ili nihakikishe kwamba kosa ni lile lile.

Nilikwenda kabatini. Nakala za kaboni za fomu zote nilizowahi kujaza ninazo, zimepangwa kwa alfabeti. Zilikuwa saba. Ya tatu ilikuwa ya Kasiani, kijana aliyeomba chuo cha uvuvi mwaka wa tisini na tano. Nilimwandikia siku sitini na sita. Chuo kilijibu kwa sentensi moja. Nilimsomea ile sentensi hapa hapa ofisini, nikaongeza na nasaha yangu ya bure: "Utoro una gharama zake, mdogo wangu." Akanishukuru. Siku hizi ni mlinzi wa ghala la chakula cha wakimbizi pale bandarini, na kila nikipita huniamkia kwa kunipa mikono yote miwili, "Shikamoo, mwalimu," nami naitikia marahaba kama mtu anayeistahili.

Thelathini na tatu. Sijui chuo cha uvuvi kilikuwa na kikomo gani. Huenda sababu ilikuwa nyingine kabisa, alama za hesabu au wingi wa waombaji. Nilijitahidi kuamini hivyo kwa kadiri ya dakika moja.

"Mwalimu, umekaa sakafuni," alisema Leonia.

"Natafuta jalada."

"Umelishika."

Niliinuka, nikarudi mezani. Tisini na nne kugawa kwa mbili ni arobaini na saba. Niliiandika kwa kalamu ya risasi, na kwa mara ya kwanza sikuipigia mstari.

"Bado saba zimezidi," alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika, kicheko kimekwisha. Tisini na nne ilikuwa upuuzi, na upuuzi mtu anaweza kuucheka. Arobaini na saba ilikuwa namba ya kweli.

Akafungua mkoba wa kitambaa akatoa daftari kubwa la jalada gumu, limevimba kwa unyevu. Ndilo alilokuwa akiandikia kule ufukweni, wakimbizi waliposhukia. Wengi wa waliokuwa wakivuka walisema Kirundi, na Kirundi na Kiha, lugha ya akina Leonia, ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo wauguzi waliokuja kutoka mikoa mingine walihitaji mtu wa katikati: wa kueleza mgonjwa anaumwa wapi, na kumweleza mgonjwa dawa ile ni ya nini. Leonia aliifanya kazi hiyo tangu akiwa kidato cha tatu. Kila siku aliandika tarehe, na chini yake majina ya watu aliowasemea.

"Tuanze na hizi," alisema. "Novemba, tarehe kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Umeniandika mtoro. Lakini siku hizo tatu shule haikuwa shule, mwalimu. Watu walikuwa wamelala madarasani."

Nilikumbuka. Ningependa kusema kwamba nilikuwa nimesahau, lakini nilikumbuka vizuri mno. Mahema ya wakimbizi yalikuwa yamejaa, mvua inanyesha, mkuu wa shule akafungua madarasa watu walale. Wanafunzi wakaambiwa wabaki nyumbani. Mimi sikuambiwa nisiite majina. Asubuhi nilikwenda kidato cha tatu na rejista yangu kwapani. Sakafuni mikeka, masufuria, watoto wamelala wamepandana kama kuni. Nikasimama mlangoni nikaita majina arobaini na mawili. Hakuna aliyeitika. Nilipofika kwa Leonia, bibi mmoja aliyekuwa ameegemea ubao akajibu, "Ego," yaani ndiyo. Nadhani alijibu kwa adabu tu, au huenda naye aliitwa Leonia. Nikamtazama. Hakuwa na sare. Nikaandika sifuri.

Na mchana nikarudi kuita tena.

"Yule bibi aliyekuitikia tulicheka naye sana kule ufukweni," alisema Leonia. "Alisema kwetu kuna mwalimu mzuri, anawajulia hali wageni mmoja mmoja kwa majina, ila anakosea majina."

Arobaini na saba kutoa tatu ni arobaini na nne. Nilikuwa nimeanza kupata nguvu. Nilisogeza kiti, nikachonga kalamu. Leonia alikuwa anapitisha kidole kwenye daftari lake, kisha kwenye rejista yangu, kisha kwenye daftari tena. Kidole kikasimama.

"Hapa kuna tatizo. Oktoba tarehe tisa na tarehe kumi. Hapa kwangu nilikuwa ufukweni. Kwako nimehudhuria."

"Vizuri sana," nilisema haraka. "Endelea."

"Sikuwepo, mwalimu."

"Rejista inasema ulikuwepo."

"Yusra, ninayekaa naye dawati moja, aliniitikia."

Nilijiona kuwa mtu anayezijua sauti za wanafunzi wake. Niliwahi kumwambia mke wangu, Zuhra, kwamba naweza kuita majina nimefumba macho. Sasa niliona kwamba ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

"Leonia," nilisema kwa upole, "hizo mbili hakuna mtu aliyeuliza."

"Lakini nimeziona. Nikizificha hizi za kwangu, nitakuambiaje zile za kwako ni kosa?"

Nikaandika arobaini na sita. Nimewaandikia watoto sifuri zaidi ya elfu bila mkono kulemaa, na siku ile mbili tu zilinichosha.

Hapo ndipo mkuu wa shule alipoingia. Madamu Aikande alihamishiwa kwetu kutoka Same, na huingia ofisini kama anayewahi treni hata akiwa haendi popote. Alikuwa na kalamu mkononi tayari kwa sahihi.

"Mzee Mudathir, fomu ya huyu iko wapi? Nisaini niondoke, nina kikao Kigoma mjini."

"Bado, Madamu. Tuko arobaini na sita, na kikomo ni arobaini."

"Arobaini na sita za nini?"

"Siku bila ruhusa."

Aliichukua fomu, akaisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. "Bila ruhusa? Si mimi niliyemtuma huyu? Lori la wale wa misaada lilipokuja hapa getini kuomba wanaojua Kiha, nani aliyetoka darasani kwenda kuwachagua? Wewe ulikuwa dirishani unatazama!"

"Ndiyo, Madamu. Lakini hakukuwa na barua."

"Barua gani?"

Nilimweleza, ingawa kila neno nililolitoa niliona linatoka likiwa dogo kuliko nilivyolijua. Ruhusa ni barua ya mzazi, iliyogongwa muhuri na balozi wa nyumba kumi, na kuletwa siku moja kabla. Pasipo na barua ni utoro.

"Baba yake yuko Kidahwe."

"Ndiyo maana hakukuwa na barua, Madamu."

"Na mkuu wa shule hana ruhusa ya kutoa ruhusa shuleni kwake. Huo ni utaratibu wa wapi, wa wizara?"

Nilitazama ukuta. Utaratibu ule nilikuwa nimeupiga taipu mwenyewe, nikaubandika pale mwenyewe, na chini yake nilikuwa nimeandika "Kwa Amri". Sikuwa nimesema amri ya nani.

"Wangu," nilisema.

Leonia alikohoa. Madamu hakukohoa.

"Haya. Badilisha zote ziwe ruhusa, nisaini, tumalize."

Naapa kwamba kalamu nilikuwa nimekwisha kuishika. Mimi niliyemkataa bibi mzima kwa kukosa sare, sasa nilikuwa tayari kufuta siku arobaini na sita kwa pumzi moja.

"Siyo zote, Madamu," alisema Leonia. Aliangalia miguu yake. "Siku nyingine lori halikuja. Nilienda kwa miguu, bila kumwambia mtu."

"Kwa nini sasa, mwanangu?"

"Kuna siku mama mmoja alijifungua pale pale ufukweni. Muuguzi akamwambia mambo mengi, nikamtafsiria. Nikaona hajaelewa, ila anaona haya kuuliza. Nikajua kesho atakuwa na maswali, na kesho haikuwa siku ya lori."

Madamu Aikande aliiweka kalamu mezani.

"Basi mtazichambua moja moja," alisema. "Siku za lori ni ruhusa, nilizitoa mimi. Siku za miguu zibaki kama zilivyo. Nitasaini kitakachopatikana, na kikizidi arobaini nitasaini vilevile na kuambatisha barua, ingawa hao wa chuo hawasomi barua, wanasoma namba." Akaniona nimeziweka nakala za kaboni kando. "Na hizo?"

Nikamwambia. Hakuinua sauti, na ningeona nafuu kama angeinua.

"Saba?"

"Saba, Madamu."

"Utaviandikia vyuo vyote saba. Na Kasiani utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Usimpelekee karatasi."

Alipoondoka tulianza. Ilikuwa saa tisa na nusu. Shida ilikuwa kwamba Leonia hakuandika popote siku zipi alikwenda kwa lori. Kwake siku zote zilikuwa ufukwe ule ule na majina. Tukakaa tunatazamana, daftari hili na rejista hii, hadi nilipoona jambo ambalo, nakiri, lilinifurahisha kuliko lilivyostahili. Lori halikuchukua mtu mmoja. Siku ya lori sifuri zilikuja kwa kundi: Leonia, Agnesi, Dismasi, Leonardi, wote Waha, wote siku moja, zimeshuka kwenye ukurasa kama vifungo vya shati. Siku ya miguu jozi ya sifuri ilikuwa moja, imekaa peke yake.

"Kwa hiyo rejista yako inafaa kitu," alisema Leonia.

"Inafaa. Ila msomaji wake ndiye hakufaa."

Hakupinga. Watoto wa siku hizi hawana hata ile heshima ya kupinga kidogo.

Tulikwenda polepole. Yeye anasoma tarehe, mimi natazama ukurasa, naweka rula chini ya jina lake, tunahesabu waliokosa pamoja naye. Peke yake. Peke yake. Kundi. Peke yake. Kila nikisema "kundi" alivuta pumzi. Nikisema "peke yake" aligeuza ukurasa bila kunitazama. Mara moja nilitamka "kundi" kabla sijatazama vizuri, ikabidi nijisahihishe, na hilo lilikuwa baya kuliko yote. Wanaofagia walimaliza wakaondoka. Upepo wa ziwani ukaanza kufunua karatasi mezani, nikazikandamiza kwa kiatu changu kimoja, kwa kuwa vizito vingine vyote vilikuwa vinatumika.

Adhana ya magharibi ilipoanza kusikika kutoka upande wa Ujiji, tulikuwa tumepitia siku kumi na tisa kati ya arobaini na sita. Tano zilikuwa za lori. Arobaini na moja.

"Moja tu," alisema Leonia. "Ikipatikana moja tu."

"Zimebaki ishirini na saba. Itapatikana."

"Umehesabu, mwalimu, au umesema tu?"

"Nimesema tu."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumatano, Februari tarehe kumi na mbili. Niliweka rula. Leonia, sifuri. Agnesi alikuwepo. Leonardi alikuwepo. Dismasi, sifuri.

"Wawili," nilisema.

"Wawili ni kundi?"

Nilivua miwani, nikaivaa. Lori lingeweza kuja kuchukua wawili. Vilevile Dismasi ni kijana anayeugua malaria kila mwezi, na akiugua halali hospitali wala haleti barua, hulala kwa shangazi yake. Daftari la Leonia lilikuwa na majina tisa siku ile, na maji yalikuwa yameingia pembeni.

"Wewe hukumbuki?"

Aliwaza. Nilimwona anawaza kwa bidii, na nilijua kwamba angesema tu "lori" ningeiandika, na kesho saa sita mfuko ungeondoka, na hakuna mtu duniani ambaye angekuja kuuliza.

"Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa na kidonda mguuni," alisema. "Nilivyofika pale sikumbuki."

"Basi tumuulize Dismasi."

"Kesho ana zamu ya maji. Atachelewa kuingia darasani."

"Nitamngoja kisimani. Wewe njoo saa moja, tuanzie Machi, huyu tumuache kwanza."

Alikusanya vitu vyake. Alikuwa anakaa kwa mama yake mdogo, kule Bangwe, na njia ni ndefu kwa mtu anayetembea. Mlangoni akasita.

"Mwalimu, kesho asubuhi utaita majina?"

"Saa mbili kamili."

"Nitakuwa huku ofisini kwako, tunahesabu. Utaniandikaje?"

Nilifungua mdomo kumwambia alete barua. Nikaufunga. Nikamwambia aende, giza linaingia, hilo nalo tutaliangalia kesho.